Mtoto na Mchezo wa Katuni Ndani ya Simu

Zamani mama akiona watoto wametulia kimya alijua kuwa wamelala, au wamefungua kopo la sukari. Siku hizi mtoto akitulia kimya, mara nyingi ana simu ya mzazi mkononi. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu, "Nacheza gemu." Wazazi wengi huishia hapo. Wengine humnyang'anya simu kwa hasira, wengine humwacha kwa kuwa nyumba imetulia. Lakini wote hawajui mtoto anacheza nini.

Michezo ya simu haifanani. Upo ambao unaweza kumkabidhi mtoto bila hofu kubwa, na upo ambao utakula fedha na usingizi wake. Leo tutazame aina moja inayopendwa na watoto: mchezo wa zamu uliotokana na hadithi ya katuni.

Mchezo wa zamu ni nini?

Mtu aliyewahi kucheza bao, drafti au karata anaujua tayari. Unacheza wewe, kisha unangoja mwenzako acheze. Mkono wenye haraka hausaidii kitu, linalotakiwa ni kufikiri kabla ya kucheza. Ndani ya simu ni vivyo hivyo. Mtoto anaongoza kikundi cha wahusika wanaopambana na maadui. Anaamua nani apige, nani akinge na nani amtibu mwenzake. Akimaliza, ni zamu ya maadui. Wahusika wanapata uzoefu kidogo kidogo, wanapanda ngazi, na hadithi inaendelea.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2013 televisheni ya Cartoon Network ya Marekani ilianza kuonyesha katuni iitwayo Steven Universe, iliyobuniwa na Rebecca Sugar. Inamhusu mvulana Steven, anayelelewa na mashujaa watatu, Garnet, Amethyst na Pearl, ambao nguvu zao zinatoka katika vito. Mwaka 2015 ulitolewa mchezo wa simu wa katuni hiyo, Steven Universe: Attack the Light, uliotengenezwa na Grumpyface Studios.

Katika mchezo huo Steven na walezi wake wanapambana na viumbe vya mwanga vyenye rangi mbalimbali. Kila zamu kikundi kinapewa idadi fulani ya nyota, na kila tendo lina bei yake kwa nyota. Pigo kubwa linagharimu nyingi, dogo linagharimu chache. Mtoto akizimaliza zote kwa shujaa mmoja, wengine wanabaki mikono mitupu. Steven mwenyewe kazi yake kubwa si kupiga. Yeye anawakinga wenzake, anawaponya na kuwatia moyo. Kwa hiyo mtoto anajifunza kugawa kidogo alicho nacho, na kuona kwamba anayewatunza wengine ana kazi kubwa sawa na anayepigana.

Kuna jambo jingine la kumpendeza mzazi. Mchezo huo uliuzwa kwa bei ndogo ya mara moja. Ukishalipa umelipa, hakuna cha kununua tena ndani yake. Tena mchezo wa zamu unamngoja mchezaji. Mtoto akiitwa kula au kuteka maji, anaweza kuiweka simu chini katikati ya zamu yake bila kushindwa. Basi anayesema, "Mama, siwezi kuacha sasa hivi," katika mchezo wa namna hii hana sababu ya kweli.

Hatari iko wapi?

Hatari ya kwanza ni mfukoni. Michezo mingi ya katuni hutolewa bure, lakini ndani yake kuna duka. Kuna mtindo uliotoka Japani unaoitwa gacha, jina lililotokana na mashine za kuuzia vitu vya kuchezea: unatia sarafu, unazungusha, kinatoka kijidude usichokichagua. Mchezo wa simu wa Dragon Ball Z Dokkan Battle, ulioanza mwaka 2015, unatumia mtindo huo. Mchezaji anakusanya mawe, kisha anayatoa ili apate mhusika kwa bahati. Anayemtaka huenda asimpate. Mawe yakimwishia, anaweza kuyanunua kwa fedha halisi.

Mzazi, hapo mtoto wako yuko karibu sana na kamari. Anatoa fedha bila kujua atapata nini, na akikosa anatamani kujaribu tena. Mwaka 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya baadhi ya michezo yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Tena mwaka 2014 kampuni ya Apple ilikubaliana na serikali ya Marekani kuwarudishia wateja dola zisizopungua milioni 32.5, kwa sababu watoto walinunua vitu ndani ya michezo bila idhini ya wazazi. Kila kimoja kinaweza kuwa cha bei ndogo, lakini wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hatari ya pili ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanga wa simu usiku, pamoja na hamu ya kuona hadithi inaishaje, huuchelewesha usingizi. Tuseme mtoto anaamka saa 11 alfajiri ili awahi shule, naye usiku alicheza chini ya shuka hadi saa 6. Amelala saa 5 tu. Akisinzia darasani ataitwa mvivu, kumbe ana njaa ya usingizi.

Hatari ya tatu ni macho na shingo. Anayekodolea kioo macho hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka na kuwasha. Ushauri wa wataalamu ni rahisi: kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mti wa uani unatosha. Aidha, watafiti wameona kwamba watoto wanaokaa nje mchana kwa muda mrefu hawapati kwa wingi tatizo la kutoona mbali. Tena asiinamie simu mapajani kwa muda mrefu. Aiinue karibu na usawa wa uso, la sivyo shingo itauma.

Hatari ya nne huwapata wachache, lakini ni vema ijulikane. Watu wengine wenye kifafa hupata degedege wakitazama mwanga unaomwekamweka kwa kasi. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon chenye mwanga wa namna hiyo. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, wala usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Usiogope povu lake, kwani kifafa hakiambukizwi kwa povu. Degedege likizidi dakika 5, au likiwa la kwanza maishani mwake, mpeleke hospitali.

Nitajuaje kama mchezo umemshinda?

Kupenda mchezo si ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la kutawaliwa na michezo ya kompyuta na simu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lina dalili tatu kubwa. Kwanza, mtu hawezi tena kujizuia, hata akipanga kuacha. Pili, mchezo unatangulia mambo mengine yote: masomo, chakula, marafiki na kazi za nyumbani. Tatu, anaendelea au anazidisha ingawa anaona madhara. Kwa kawaida dalili hizo ziwe zimedumu miezi 12 na kuharibu maisha yake ndipo mganga aseme ni ugonjwa. Lakini wewe usingoje mwaka uishe. Ukiziona zinaanza, zungumza na mtoto kwa upole, na ikibidi mwone mganga au mshauri. Mara nyingine mtoto anakimbilia mchezo kwa sababu kuna huzuni asiyoweza kuisema.

Mzazi afanye nini?

1. Keti naye akuonyeshe mchezo wenyewe. Mwulize, "Huyu ni nani? Kwa nini umempa yeye nyota zote?" Nusu saa tu itakufundisha mengi.

2. Kabla ya kumruhusu, tazama kama ndani ya mchezo kuna vitu vya kununua. Weka namba ya siri katika manunuzi yote ya simu, wala usimwambie mtoto. Kama kuna kadi ya benki iliyounganishwa na simu hiyo, iondoe.

3. Mpangie muda, naye aujue kabla hajaanza. Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wasiofikia miaka 2 wasitazamishwe kioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku.

4. Simu zote zilale sebuleni, pamoja na ya baba na ya mama. Mtoto hufuata zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa.

5. Muda ukiisha, mwache amalize zamu moja, kisha azime. Ukimnyang'anya ghafla atajifunza kuificha simu.

6. Mpe kitu badala yake. Anayependa mchezo wa zamu atapenda bao na drafti. Babu yake akimfunga mara tatu mfululizo, kesho atarudi kulipiza kisasi, tena mezani mwenu, huku mkiongea na kucheka.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka 8 aliyezoea kuizima simu mwenyewe kwa wakati uliopangwa hatawasumbua sana akiwa na miaka 15. Basi leo jioni, kabla hamjalala, mwombe mwanao akuonyeshe mchezo wake.