Chaguo-Msingi na Faili la Usanidi: Nani Huamua Lugha ya Programu ya Pamoja?

Makala haya yanafafanua suala la kiufundi lenye uzito wa kisera: mahali ambapo uamuzi wa lugha huwekwa ndani ya programu inayotumiwa na nchi nyingi. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukipokea kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maamuzi ya aina hiyo humfikia mwananchi kupitia fomu na skrini, hivyo inafaa kujua skrini hupata wapi maneno yake.

Dhana mbili

Chaguo-msingi la uundaji ni thamani inayoandikwa katika msimbo kabla programu haijageuzwa kuwa faili tekelezi. Kulibadilisha hulazimu kuhariri msimbo, kuunda programu upya na kuisambaza tena. Faili la usanidi, kwa upande wake, husomwa programu inapoanza kufanya kazi: msimamizi wa seva hulihariri, huwasha programu upya, na mabadiliko huonekana. Tofauti ya msingi ni ya mamlaka. Katika hali ya kwanza mwenye kauli ni mtengenezaji. Katika ya pili ni taasisi inayoitumia.

Mfano wa DHIS2

DHIS2 ni mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hutumiwa na wizara za afya za Uganda, Kenya na Tanzania. Maelezo ya kuunganisha mfumo na hifadhidata huandikwa katika faili la dhis.conf, linalosomwa mfumo unapoanza. Lugha, hata hivyo, imegawanyika. Maneno ya vitufe na menyu hufungwa ndani ya toleo lenyewe, na tafsiri yake husubiri toleo jingine. Majina ya viashiria na fomu yamo katika hifadhidata, ambamo wasimamizi wa nchi huweza kuyatafsiri mfumo ukiendelea kutumika. Ndiyo maana mtumiaji huchagua lugha mara mbili: ya kiolesura na ya hifadhidata. Afisa aliyeko Kampala anaweza basi kusoma majina ya Kiswahili chini ya menyu za Kiingereza.

Hatari za pande zote mbili

Chaguo-msingi lisilofaa huleta hasara. Katika kiwango cha ISO 4217, shilingi ya Uganda haina nafasi za desimali, ilhali za Kenya na Tanzania zina mbili. Programu inayohifadhi fedha kwa kizio kidogo kabisa, ikiwa imefunga desimali mbili katika msimbo, itasoma shilingi 5,000 za Uganda kuwa 50.

Uhuru usio na mipaka nao una hatari yake. Tuchukulie nchi mbili zinatafsiri kiashiria kimoja, moja ikiandika "mtoto mchanga" na nyingine "mtoto mdogo". Muuguzi wa kwanza atahesabu watoto wa chini ya siku 28. Wa pili huenda akamjumuisha wa miaka minne. Kwa kuwa msimbo wa utambulisho ni mmoja, kompyuta itazijumlisha takwimu hizo bila kuonyesha kosa lolote.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, utambulisho na fasili ya kila kiashiria vibaki imara kwa nchi zote. Pili, mambo yanayotofautiana kihalali, kama vile sarafu na lugha, yaachwe katika usanidi. Tatu, istilahi za Kiswahili zitoke katika orodha moja chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar, zikisomwa kama faili ili sahihisho lisisubiri toleo jipya. Mikataba ya ununuzi wa programu itaje masharti hayo waziwazi, kwa sababu asiyesanidi hupokea alichochaguliwa na mwingine.