Jua Halipandi Lori

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kutoza katika miji ya Kenya. Mombasa hupata nafuu kwa kuwa meli hutia nanga pale. Mandera hukaa kileleni mwa orodha. Siri ya tofauti hiyo ni umbali tu: bomba la mafuta hutoka Mombasa, hupita Nairobi, kisha huelekea magharibi hadi Eldoret na Kisumu, wala halijawahi kugeuza uso kaskazini mashariki. Dizeli ya miji ya huko, kama Wajir, Kutulo na Elwak, huja kwa lori, na lori lenyewe hunywa dizeli njia nzima.

Huko Nairobi, mjadala wa mafuta ya kisukuku na nishati jadidifu huanza na moshi na tabianchi. Kutulo unaanzia barabarani. Mvua zikizidi, kama zile za mwisho wa 2023, magari hukwama kwa siku kadhaa. Usalama ukizorota, safari husubiri polisi wa kusindikiza. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, ile inayopita Wajir, Kutulo na Elwak, imewekwa katika mradi wa lami ambao Benki ya Dunia inafadhili sehemu yake, na ikikamilika bei ya usafiri itapungua. Hata hivyo, lita ile ile itanunuliwa tena mwezi ujao.

Gridi ya taifa ilichelewa hata kufika Garissa mjini. Kwa miaka mingi mji huo uliwashwa na jenereta za dizeli za kampuni ya umeme ya KenGen, hadi laini ya umeme kutoka Kindaruma kupitia Mwingi ilipounganishwa mnamo 2016. Kutoka hapo kwenda mbele, miji mikubwa imezoea kujitegemea: Wajir, Mandera, Elwak, Habaswein na Rhamu kila mmoja umekuwa na mitambo yake, na mingi hunguruma kwa dizeli. Kenya hujivunia, na ina haki, kwamba karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme wake hutokana na vyanzo jadidifu kama mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Sifa hiyo ni ya gridi. Anayechaji simu Wajir ameishi nje yake.

Bili ya hiyo dizeli inalipwa na nani? Hapa ndipo wengi hushangaa. Bei ya stima kwa mteja wa nyumbani ni moja nchi nzima, iwe anaishi Kasarani au Mandera, ingawa kuzalisha umeme Mandera kwa jenereta ni ghali mno. Pengo huzibwa kwa makato ya gharama ya mafuta yanayoonekana kwenye bili ya kila mteja. Mwenye duka la kinyozi Nakuru anachangia dizeli ya Elwak bila kujua. Si dhuluma, eneo lililosahauliwa tangu ukoloni lina haki ya kubebwa. Ila pesa hizo huishia kwenye bomba la moshi, na mwaka unaofuata zinatakiwa tena.

Kisha kuna mtambo wa jua wa Garissa. Ulizinduliwa Desemba 2019 na Rais Uhuru Kenyatta, baada ya kujengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 13.7. Paneli zaidi ya 200,000 zimetandazwa kwenye ekari zipatazo 200, na uwezo wake ni takriban megawati 50. Umeme huo huingia kwenye gridi na kwenda unakohitajika. Jioni, watu wanapowasha taa, mtambo umelala na Garissa inawashwa tena kutoka mbali.

Jua la huku nalo lina ukali wake. Paneli hupimwa kiwandani kwenye nyuzi joto 25. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyofika nyuzi 60 saa saba mchana inapoteza karibu sehemu moja kwa saba ya nguvu zake. Vumbi likitanda juu yake, hasara huongezeka. Betri huumia zaidi, kwani joto hufupisha umri wake.

Lakini umuhimu wa jua hauonekani kwenye taa kama unavyoonekana kisimani. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo ikahamia kwenye visima virefu. Jenereta zilisukuma maji usiku na mchana, na kaunti pamoja na mashirika ya misaada zikalazimika kununua dizeli ya visima kama sehemu ya msaada wa ukame. Ikikosekana dizeli, maji yapo chini ya miguu na ng'ombe anakufa juu yake.

Kambi ya wakimbizi ya Dadaab ilionyesha njia nyingine mapema. Mnamo Januari 2015, kisima chenye paneli 278, kilichofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, kilianza kuhudumia wakimbizi wapatao 16,000. Paneli hazina tangi la mafuta la kujazwa wala oili ya kubadilishwa. Hata hivyo, jua husukuma maji kwa saa sita au saba kwa siku, na katika kilele cha ukame ngamia hawasubiri alfajiri. Ndiyo maana mahali pengi jenereta huachwa palepale kando ya paneli. Anayeibeza hajawahi kusimama kwenye foleni ya mifugo usiku.

Kikwazo kikubwa ni malipo. Paneli hudai pesa zote siku ya kwanza. Dizeli hudai kidogo kidogo milele, na bajeti za serikali huona deni la pili kuwa jepesi. Mradi wa umeme wa jua nje ya gridi, KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mnamo 2017 kwa ajili ya kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera, uliundwa kubeba mzigo wa siku ya kwanza: gridi ndogo za jua, pampu za visima, umeme wa shule na zahanati.

Baada ya hapo huja swali la fundi. Tangu 2012 kanuni za Kenya zinamtaka anayefunga sola awe na leseni. Makanika wa jenereta hupatikana karibu kila soko la kaskazini mashariki, na vipuri hupanda basi. Inveta ikiungua Kutulo, huenda mwenye leseni ya kuifungua yuko Nairobi, safari ya zaidi ya siku moja. Garissa ina chuo chake cha kitaifa cha ufundi, North Eastern National Polytechnic, na Mandera ina taasisi yake ya ufundi. Vijana wa Kutulo wanaofuzu huko wakipata leseni na kurudi nyumbani, kisima kilichozimika asubuhi kinaweza kutoa maji kabla ya mifugo kufika jioni.