KANUNI ZA AFYA ZA KIMATAIFA: WAJIBU WA NAHODHA NA MSAFIRI

Wananchi wanafahamishwa kwamba Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, zina makusudio mawili: kuzuia maradhi yasienee, na kulinda safari na biashara zisizuiliwe pasipo sababu.

Kwa hivyo, nahodha mwenye mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza chomboni hupaswa kuiarifu bandari mapema kabla ya kufika. Kuficha ni kuuhatarisha mji mzima.

Aidha, cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha. Achanjwaye mkesha wa safari, akitokea penye maradhi hayo, aweza kuwekwa karantini hadi siku 6.