Mwenye Kinu Akizeeka, Kinu Kinakuwa cha Nani?

Tarehe 15 Februari 2010 Bob Moore alitimiza miaka 81. Siku hiyo aliwatangazia wafanyakazi wake 209, katika mji wa Milwaukie jimboni Oregon, Marekani, kwamba kampuni yake ya unga na nafaka, Bob's Red Mill, itakuwa mali yao. Wanunuzi walikuwa wamebisha hodi mara nyingi, na wote wakarudi mikono mitupu.

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1978, Moore na mkewe Charlee walipofufua kinu cha zamani kilichokuwa kimeachwa. Husaga ngano, shayiri, mtama, hata dengu, na sifa yake ilijengwa na mawe ya kusagia. Katika viwanda vingi vya kisasa rola za chuma huvunja punje, kisha pumba na kiini huchekechwa na kuwekwa kando, ukabaki unga mweupe unaokaa dukani muda mrefu. Mlaji wa dona ataelewa tofauti yake upesi: punje ikisagwa nzima, nyuzinyuzi, vitamini na mafuta ya kiini hubaki ndani ya unga. Mafuta hayo ndiyo huufanya uharibike mapema, kwa hiyo mawe huzungushwa polepole ili unga usipate joto kali.

Juni 1988 kinu kiliteketea kwa moto uliowashwa makusudi. Nafaka iliyokuwa juu iliporomoka ikayafunika mawe, yakanusurika. Moore alikuwa na miaka 59, umri ambao wengi wangechukua fidia ya bima wakaenda kupumzika. Yeye alijenga upya.

Sasa tuje kwenye umiliki, kwa maana hapo ndipo penye somo. Moore hakugawa vyeti vya hisa mkononi kama zawadi za sikukuu. Alitumia mpango ambao sheria ya pensheni ya Marekani ya mwaka 1974 iliupa msingi imara. Hisa huwekwa katika mfuko wa dhamana, na msimamizi wa mfuko huo hubanwa na sheria alinde masilahi ya wafanyakazi. Kila mfanyakazi anayestahili hufunguliwa akaunti, hisa zikaongezeka humo kadiri miaka ya kazi inavyopita, bila yeye kutoa hata senti mfukoni. Akistaafu au akiondoka, kampuni hununua hisa zake kwa thamani iliyokadiriwa na mtaalamu huru, naye huondoka na fedha zake. Uhamisho huo ulifanyika kwa awamu, na mwaka 2020 hisa zote, asilimia 100, zikawa ndani ya mfuko.

Mpango huu una mitego yake, na si haki kuificha. Kampuni lazima iwe na fedha taslimu za kununua hisa za wanaostaafu. Wakiondoka wengi kwa pamoja, inaweza kuyumba. Mfanyakazi naye anakuwa ameweka mshahara na akiba ya uzeeni mahali pamoja. Tena, kumiliki si lazima kuwe kuamua. Katika chama cha ushirika kama KNCU cha Kilimanjaro, kilichoundwa mwaka 1933, msingi ni wanachama kupiga kura. Katika mpango wa Moore, bodi na menejimenti huendelea kuendesha shughuli, na mwenye hisa anaweza asiulizwe lolote kuhusu mashine mpya au bei ya unga.

Hata hivyo, mpango huo unashinda ahadi za mdomo kwa mbali sana. Kampuni nyingi ndogo za vyakula vya mimea huanzishwa na watu wenye imani ya kweli: wanajali udongo, wanajali afya, wanawajua vibarua wao kwa majina. Mwanzilishi akizeeka, mara nyingi anayebaki mezani ni mnunuzi mwenye hesabu zake, na wema wa mwenye mali hauandikwi kwenye mkataba wa mauzo. Jirani wa Bob's Red Mill huko Oregon, Tofurky, mtengenezaji wa tempe na nyama za mimea, alinunuliwa mwaka 2023 na kampuni tanzu ya Morinaga ya Japani.

Moore alifariki tarehe 10 Februari 2024, akiwa na miaka 94, bila kuacha swali la nani arithi kinu. Wamiliki wa viwanda vidogo vya unga, siagi ya karanga na maziwa ya soya hapa kwetu wamwendee mwanasheria wa makampuni leo, wangali na nguvu, na wafanyakazi waitwe kwenye mazungumzo hayo tangu kikao cha kwanza.