Quéribus, Ngome Iliyokimbiwa na Mpaka

Juu ya kijiji cha Cucugnan, kusini kabisa mwa Ufaransa, kuna ukingo wa jabali la chokaa, na kwenye ncha yake, mita 728 juu ya usawa wa bahari, imeketi ngome ya Quéribus. Ukiwa chini barabarani hujui jabali linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, maana rangi ni moja.

Vibao vya barabarani katika eneo lote vinakukaribisha kwenye nchi ya Wakathari, na wageni wengi hupanda wakiamini wanakwenda kuona ngome waliyoijenga watu hao. Imani hiyo ningependa kuisahihisha, kwa sababu anayepanda nayo huyatazama mawe asiyaelewe.

Wakathari walikuwa Wakristo walioamini kwamba ulimwengu huu unaoshikika ni kazi ya nguvu ya uovu. Kanisa Katoliki liliwahesabu kuwa wazushi, na mwaka 1209 Papa Innocent III aliwapelekea jeshi la vita vya msalaba. Machi 1244 ngome ya Montségur ilisalimu amri, na zaidi ya Wakathari 200 waliokataa kuikana imani yao wakachomwa moto. Nasema hivi kwa heshima yao: walikufa kifo kibaya, nao wanastahili kukumbukwa kwa ukweli. Ukweli mmojawapo ni kwamba hata kuta zinazoonekana leo Montségur zilijengwa baada yao.

Quéribus ilikuwa miongoni mwa maficho yao ya mwisho. Aliyeishikilia, mpiganaji Chabert de Barbaira, aliwapa hifadhi hadi mwaka 1255, alipolazimika kuikabidhi kwa watu wa mfalme wa Ufaransa. Miaka mitatu baadaye likatokea jambo lililoipa ngome hii sura tunayoiona. Katika Mkataba wa Corbeil wa 1258, Louis IX wa Ufaransa aliachia madai yake ya zamani juu ya Katalonia, na Jaime I wa Aragon akaachia sehemu kubwa ya madai yake upande wa kaskazini. Mpaka wa falme mbili ukapita chini tu ya jabali hili.

Hapo ndipo mafundi wa mfalme walipopanda na chokaa yao. Quéribus, Peyrepertuse, Puilaurens, Termes na Aguilar zikaimarishwa na kuwekwa chini ya Carcassonne, mji wenye boma kubwa uliokuwa makao ya utawala wa kifalme, na hadi leo zinaitwa wana watano wa Carcassonne. Ingia kwenye mnara mkuu wa Quéribus utaona ninachosema. Ndani mna ukumbi mrefu unaobebwa na nguzo moja tu, na kutoka kichwani mwa nguzo matao yanachanua kila upande kama makuti ya mnazi. Ni ufundi wa Kigothi, uliochukuliwa hadi kileleni palipo na upepo na tai. Mfalme hakugharimia kazi ya namna ile kwa ajili ya wakimbizi wachache wa dini. Alitaka jirani yake wa kusini ajue ardhi ni ya nani.

Namna ngome ilivyojilinda ni rahisi kuielewa ukiwa unapanda kwa miguu yako. Njia ni nyembamba, na kuna maboma matatu, moja juu ya jingine, kila moja likiwa na watu wa kukutazama kutoka juu. Mitambo mizito ya kurushia mawe ingepitia wapi? Kikosi kidogo kilitosha. Maji yalikuwa ya mvua, yakihifadhiwa kwenye birika zilizojengwa ndani. Na kazi ya kila siku ilikuwa kutazama: tambarare ya Roussillon, bahari upande wa mashariki, mlima Canigou upande wa kusini.

Mzinga ndio uliobadilisha hesabu. Mwaka 1497, kwenye tambarare hiyohiyo, Wahispania walianza kujenga ngome ya Salses, fupi, nene, nusu yake imezama ardhini ili risasi za mizinga zisipate shabaha. Aliyeitembelea Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, anaifahamu fikra hiyo: ukuta mnene wenye pembe zinazochomoza, si mnara mrefu. Kisha, mwaka 1659, Mkataba wa Pyrenees uliipa Ufaransa Roussillon yote. Mpaka ukasogea kusini hadi milimani, na Quéribus ikabaki inalinda Ufaransa dhidi ya Ufaransa. Termes ilikuwa imekwisha kulipuliwa kwa baruti kwa amri ya kifalme. Quéribus iliachiwa mvua na upepo, mpaka ilipotambuliwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1907.

Kutoka mahali pa kuegesha magari ni mwendo mfupi lakini mkali, na ngazi za mawe zimelainika kwa nyayo. Vaa viatu vinavyoshika. Upepo uitwao tramontane huvuma hapa kwa nguvu ya kumyumbisha mtu mzima, hivyo watoto washikwe mikono, na radi zikianza kunguruma usipande kabisa. Mwenye magoti mabovu asijilazimishe. Ukiwa Cucugnan unaiona ngome yote.

Ukifika juu ya mnara, tazama kaskazini-magharibi. Zaidi ya kilomita 6 kutoka hapo, ng'ambo ya bonde la mizabibu, kuna mstari wa mwamba wenye meno. Utazame taratibu, macho yazoee: baadhi ya meno hayo ni kuta. Ndiyo Peyrepertuse, yenye urefu wa karibu mita 300, na walinzi wa huku waliweza kuiona kila asubuhi iliyokuwa haina ukungu.