JOKOFU LA ANGANI

Nami nilidhani angani ni baridi tupu, sasa jokofu la nini? Mwalimu wetu wa fizikia akaniuliza: je, chai ya themosi hupoa upesi? Kumbe huko juu hakuna hewa ya kubeba joto!

Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hutazama joto hafifu la nyota za mbali. Ikiwa yenyewe ina joto, itajiona yenyewe, kama mtu anayetafuta kimulimuli huku amejimulika tochi usoni. Ndiyo maana ina mwavuli wa tabaka 5 wa kuzuia jua, na chombo chake kimoja, MIRI, hupozwa zaidi kwa gesi ya heliamu hadi chini ya nyuzi -266.

Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Ikiharibika, ni fundi gani atafika? Kwa hivyo mwaka 2017 waliifungia, bila ule mwavuli, katika chumba kikubwa huko Houston, Marekani. Wakanyonya hewa, wakaipoza, wakaipima kwa takriban siku 100. Mwezi wa Agosti kimbunga Harvey kikaleta mafuriko. Wengine wakalala papo hapo kazini, jaribio likaendelea. MIRI ilifikia baridi yake huko angani Aprili 2022.