Watu wa Mauritania: wahesabiwe namna gani?

Tukitazama karta ya Afrika, upande wa magharibi, twaona inchi kubwa yenye majina machache ya miji. Ndiyo Mauritania. Ukubwa wake ni kilometa za mraba karibu 1 030 000, maana yake yapungua kidogo tu kwa nusu ya Congo. Lakini hesabu ya watu ya mwaka wa 2023 ilikuta watu karibu milioni 4,9 tu. Tukiwagawanya sawasawa katika inchi nzima, kila kilometa ya mraba ingepata watu watano. Sababu yajulikana: sehemu kubwa sana ya inchi ile ni jangwa la Sahara.

Juu ya watu wale vitabu vingi vyatoa jibu fupi: «Kaskazini wakaa Wamauri weupe, kusini wakaa watu weusi.» Jibu hili si uwongo mtupu, lakini laweza kutupotosha. Basi tutazame mambo yalivyo. Maana katika Mauritania kuuliza «nani ahesabiwe pamoja na nani» si swali la wenye elimu tu: ni swali la haki.

1. Jangwa na mto

Upande wa kaskazini mvua ni haba mno, na kilimo hakiwezekani, isipokuwa penye chemchemi na mitende. Huko watu waliishi tangu zamani kwa ngamia, mbuzi na tende, wakihama na hema zao kufuata majani. Upande wa kusini kuna mto Senegal, nao ndio mpaka na inchi ya Senegal. Kando ya mto ule watu walima mtama na mpunga, wafuga ng'ombe na kuvua samaki.

Inchi ilipopata uhuru, tarehe 28 Novemba 1960, wananchi wengi walikuwa bado wenye kuhamahama. Kisha, kuanzia mwaka wa 1968, ukame mkali ulirudi mara kwa mara. Nyama wa kufugwa wakafa, na watu wakakimbilia mijini. Siku hizi wenye kuhamahama ni wachache sana. Nouakchott, mji mkuu, ulianza kujengwa mwaka wa 1958 karibu na kijiji kidogo. Leo una watu zaidi ya milioni moja. Basi, asemaye kwamba watu wa Mauritania ni watu wa hema, asema habari za babu zao.

2. Makundi ya watu

Kwanza, kuna Wamauri wanaojiita Bidhan, ndiyo kusema «weupe». Wametoka katika Waberberi wa zamani walioitwa Sanhaja, na katika Waarabu walioitwa Beni Hassan, walioingia inchi ile karne nyingi zilizopita. Lugha yao ni Kiarabu kiitwacho Hassaniya. Kati yao kulikuwa na madaraja: jamaa za wapiganaji, jamaa za wenye elimu ya dini, wachungaji waliowalipa wakubwa kodi, wahunzi, na waimbaji. Kila mtu alirithi daraja la baba yake.

Pili, kuna Haratin. Hao ni watu weusi, wengi wao wazao wa watumwa wa Bidhan. Babu zao walitekwa au kununuliwa katika makabila ya kusini, lakini lugha ya babu imesahauliwa. Haratin wasema Hassaniya, na desturi zao nyingi ni zile za Wamauri. Wengine walikombolewa tangu vizazi vingi, wengine juzi tu.

Tatu, kuna makabila ya mtoni: Wafulani, ambao lugha yao yaitwa huko Kipulaar, Wasoninke na Wawolof. Hao wana ndugu zao ng'ambo ya mto, katika Senegal, na wengine katika Mali. Wasomaji wetu wanaokaa karibu na mipaka waelewa jambo hilo pasipo kufasiriwa: mpaka wagawanya inchi, haugawanyi ukoo. Tena tusidhani kwamba utumwa ulikuwa kwa Wamauri peke yao. Kwa Wafulani, Wasoninke na Wawolof pia kulikuwa na jamaa za waungwana na jamaa za watumwa, na alama yake haijafutika yote.

3. Hesabu moja, majumla mawili

Watu hukadiria hivi: Bidhan ni 30 katika 100, Haratin 40, makabila ya mtoni 30. Ni makadirio tu, kwa sababu serkali haitangazi hesabu ya kila kundi.

Sasa tufanye hesabu ya kujumlisha. Mwenye kuhesabu kwa lugha aweka Haratin pamoja na Bidhan, naye apata Wamauri 70 katika 100. Atasema: «Inchi hii ni ya Waarabu.» Mwenye kuhesabu kwa rangi ya ngozi aweka Haratin pamoja na makabila ya mtoni, naye apata watu weusi 70 katika 100. Atasema: «Inchi hii ni ya watu weusi.» Wote wawili wametumia tarakimu zilezile, wala hakuna aliyekosea kujumlisha. Lakini wote wawili wamewasahau Haratin wenyewe. Mwaka wa 1978 baadhi yao walianzisha chama kiitwacho El Hor, maana yake «mtu huru», ili waseme kwa kinywa chao wenyewe. Na mwaka wa 2007 Mharatin mmoja, Messaoud Ould Boulkheir, alichaguliwa kuwa mkubwa wa Baraza la wajumbe.

4. Matunda ya mabishano

Mabishano hayo hayakubaki katika maneno. Mwaka wa 1966 serkali ilipowalazimisha wanafunzi kujifunza Kiarabu, vijana wa mtoni walikataa, wakaogopa kufungiwa njia ya kazi. Fujo ikatokea na watu wakafa. Mwaka wa 1989 ugomvi wa wafugaji na wakulima penye mto uliwasha moto mkubwa kati ya Mauritania na Senegal. Makumi ya maelfu ya raia weusi wa Mauritania walifukuzwa kwao kana kwamba ni wageni. Zaidi ya 24 000 walirudishwa kati ya mwaka wa 2008 na wa 2012. Sheria kubwa ya mwaka wa 1991 yataja lugha nne za taifa: Kiarabu, Kipulaar, Kisoninke na Kiwolof, lakini lugha ya serkali ni Kiarabu peke yake.

Kuhusu utumwa, serkali iliufuta mwaka wa 1981. Hata hivyo, sheria ya kumwadhibu mwenye kufuga watumwa ilikuja mwaka wa 2007 tu, ikatiwa nguvu mwaka wa 2015. Twaona hapa kwamba kukataza ni jambo moja, kumkomboa mtu kwa kweli ni jambo lingine. Mtu asiye na shamba, wala shule, wala cheti cha kuzaliwa, atarudi mlangoni kwa bwana wake wa zamani.

5. Dini

Wananchi karibu wote ni Waislamu. Ekleziya ya Nouakchott iliwekwa kuwa dayosisi mwaka wa 1965, na waamini wake, maelfu machache, ni wageni waliokuja kwa kazi. Lakini tuangalie neno hili: Bidhan, Haratin na Mfulani wasali sala ileile, wakielekea upande uleule, na mgawanyiko wao haukuondoka. Kusali pamoja hakutoshi, kama baada ya sala mmoja aenda kuketi na mwingine aenda kumtekea maji. Neno hili si la Waislamu tu.

Basi, tukisoma katika kitabu hesabu ya makabila ya inchi yo yote, hata ya inchi yetu, tujizoeze kuuliza mambo matatu: Nani amehesabu? Amehesabu kwa alama gani: lugha, rangi, au ukoo? Na wale waliohesabiwa, wao wenyewe wajiita nani? Padri au katekista anayeandika majina katika kitabu cha parokia yafaa ajiulize vilevile, kabla ya kuandika neno moja mbele ya jina la mtu.